Karatasi Mbili za Rosa Bonheur: Kisa cha Soko la Farasi

Mtaje Rosa Bonheur mbele ya mtu yeyote anayefuatilia wachoraji wa Ufaransa wa karne ya 19, na kabla hujamaliza jina utasikia habari ya suruali. Yule mwanamke aliyepewa kibali na polisi wa Paris avae kiume! Habari hiyo ni ya kweli. Kibali kipo, kina tarehe, muhuri na masharti. Kinavutia macho, na ndiyo maana kimemeza sehemu nyingine ya kisa.

Mimi naona kuna karatasi mbili. Ya kwanza ni hiyo ya polisi. Ya pili ni ya mauzo: mwaka 1855 mfanyabiashara wa picha kutoka London, Ernest Gambart, alinunua picha yake kubwa ya turubai, iitwayo Soko la Farasi, kwa faranga 40,000. Makubaliano ya fedha hayana mvuto wa suruali, na watu huyapitia mbio. Lakini ukitaka kujua mtoto wa mchoraji maskini, mwanamke asiye na mume, asiye na shule ya sanaa, alifikaje mahali pa kununua jumba lake mwenyewe na kumfungia mlango amtakaye, ni hayo ya pili ya kuyasoma kwa makini.

Alikotoka

Alizaliwa Bordeaux tarehe 16 Machi 1822, kifungua mimba wa Raymond Bonheur na Sophie. Baba alikuwa mchoraji na mwalimu wa kuchora, mapato yake ya kubahatisha. Mama alifundisha piano. Walipohamia Paris, Raymond alijiunga na wafuasi wa Saint-Simon, watu waliohubiri pamoja na mengine usawa wa mwanamke na mwanamume. Mwaka 1832 akaenda kuishi nao kwenye makao yao ya Ménilmontant. Mkewe akabaki na watoto wanne, akifundisha piano na kushona hadi usiku ili wale. Mwaka uliofuata Sophie alifariki, akazikwa kwenye kaburi la pamoja la maskini kwa sababu nyumbani hapakuwa na fedha ya kununua kiwanja cha kaburi. Rosa alikuwa na miaka 11.

Waandishi wengi humsifu baba kwa kumlea binti katika fikra za usawa, na kweli alimfundisha kuchora na hakumzuia. Lakini tusimsahau aliyelipa gharama ya mahubiri yale. Binti aliona kwa macho yake kinachompata mwanamke mwenye kipaji anayemtegemea mwanamume mwenye maono. Hakuolewa maisha yake yote, na katika fedha hakuwahi kuwa mzembe.

Walijaribu kumpeleka kwa fundi cherehani, hakukaa. Shuleni alikuwa mtundu wa kufukuzwa. Mwishowe baba akamwacha ajifunze karakanani kwake na kwenda makumbusho ya Louvre kunakili kazi za mabingwa. Njia nyingine haikuwapo. École des Beaux-Arts, chuo kikuu cha wachoraji pale Paris, hakikupokea wanawake mpaka mwaka 1897, na kufikia hapo Rosa alikuwa ajuza wa miaka 75 mwenye nishani kifuani.

Kilichowazuia hasa ni mwili. Michoro iliyohesabiwa kuwa ya daraja la juu ilikuwa ya historia na ya dini, iliyojaa watu, na mtu hachoreki vizuri na asiyewahi kumsoma akiwa hana nguo. Mwanamke wa heshima kukaa chumba kimoja na mwanamume aliye uchi, hata kwa ajili ya masomo, lilikuwa jambo lisilotajika. Rosa akapita mlango wa uani: akachagua wanyama. Maksai hana aibu ya kutazamwa. Anatomia yake inafunguliwa kila asubuhi machinjioni, na hakuna mtu anayeuliza una cheti gani.

Kwa hiyo akawa anakwenda machinjio ya Roule, msichana peke yake kati ya wanaume wenye visu, sketi ikiburuzika kwenye damu. Walimsumbua. Baadaye alisimulia jinsi mfanyakazi mmoja, bwana wa miraba minne, alivyomkingia kifua mpaka wenzake wakamzoea. Nyumbani nako, katika nyumba ya ghorofa katikati ya jiji, familia ilifuga kondoo, na kaka zake walikuwa wakimbeba ngazi kwa ngazi kumpeleka chini akale majani.

Mwaka 1841, akiwa na miaka 19, kazi zake zilipokelewa kwenye Salon. (Wasomaji wetu wasidhani ni saluni ya kusuka. Hili lilikuwa onyesho rasmi la serikali, lenye jopo la kuchuja kazi, na mchoraji asiyeonekana humo ni kama hakuwapo.) Alipeleka sungura, mbuzi na kondoo. Mwaka 1848 akapata medali ya dhahabu, na serikali ikamwagiza picha kwa faranga 3,000. Ikatoka ile ya kulima Nivernais, eneo la katikati ya Ufaransa: maksai kumi na wawili wanavuta plau kwenye udongo mzito, na watu wamekuwa wadogo pembeni. Leo iko Musée d'Orsay, makumbusho ya Paris. Ilipoonyeshwa mwaka 1849 baba yake alikuwa amekwisha kufariki, na Rosa akairithi kazi yake ya kuongoza shule ya serikali ya kuchora kwa wasichana, akisaidiwa na mdogo wake Juliette.

Hapo ndipo kisa kinapoanza: mtu mwenye jina, mwenye mshahara wa serikali, mwenye wadogo. Wengi wangetulia.

Soko

Kuanzia mwaka 1851 akawa anakwenda mara mbili kwa wiki, kwa muda wa kama mwaka na nusu, kwenye soko la farasi la Boulevard de l'Hôpital. Alikwenda amevaa kiume. Sababu ziko wazi kwa yeyote aliyewahi kutembea mnadani: madalali wanapiga kelele, mnyama wa kilo mia nane anarusha mateke, matope yanafika magotini, na mwanamke mwenye daftari angesimamisha biashara nzima watu wamtazame. Alitaka asionekane ili yeye aone.

Turubai ina urefu wa mita 5 na sentimeta 7, na kimo cha karibu mita 2 na nusu. Ukubwa huo wenyewe ni maneno. Kiasi hicho cha kitambaa kilikuwa haki ya vita vya Napoleon na miungu ya Wagiriki. Picha za wanyama zilitakiwa ziwe za kutundika juu ya meza ya kulia. Rosa akajaza hapo farasi wa Percheron, wale wazito wa kukokota mizigo, wanaozungushwa mbele ya wanunuzi. Wawili wa kijivu katikati wanakwenda bega kwa bega. Mweupe amesimama kwa miguu ya nyuma, mweusi anapambana na mshikaji wake. Vumbi limepanda. Kwa mbali kushoto unaona kuba la hospitali ya Salpêtrière, kwa hiyo mtu wa Paris alijua hasa ni barabara gani. Mwenyewe alisema alikuwa akifikiria msafara wa farasi uliochongwa kwenye hekalu la Parthenon.

Katikati ya fujo ile kuna mpandaji mmoja ambaye uso wake umegeukia upande wetu. Baadhi ya wachambuzi wanasema ni Rosa mwenyewe katika nguo zake za sokoni. Inawezekana, ingawa kwangu picha haihitaji siri hiyo ili isimame.

Karatasi ya kwanza

Amri ya polisi ya Paris ya Novemba 1800 ilitaka mwanamke yeyote anayetaka kuvaa kiume afike ofisi ya mkuu wa polisi kuomba kibali, na kibali chenyewe kilitolewa kwa kigezo cha afya, kwa cheti cha daktari. Zingatia kigezo hicho. Huwezi kuandika "mimi ni mchoraji, sketi inaingia kwenye damu." Lazima uwe mgonjwa.

Kibali cha Rosa kinachojulikana zaidi ni cha tarehe 12 Mei 1857. Kinasema anaruhusiwa kuvaa kiume kwa sababu za kiafya, kwa miezi sita, kwa sharti kwamba asionekane katika mavazi hayo kwenye maonyesho ya jukwaani, kwenye dansa na mahali pengine pa mikusanyiko ya watu. Ukikisoma kwa jicho la mwanasheria, mnada wa farasi nao ungeweza kuingizwa kwenye sharti hilo askari akiamka vibaya.

Tena tazama mwaka. Picha ya soko ilionyeshwa mwaka 1853, na kufikia 1857 ilikuwa imekwisha kutoka Ufaransa. Karatasi inayotajwa kila mahali kuwa ndiyo iliyozaa picha ni ya miaka minne baadaye. Hainisumbui sana, maana vibali vilikuwa vya kuhuishwa na Rosa alisimulia kwamba alikwisha kuomba ruhusa wakati akifanya mazoezi yake. Ila inatukumbusha ni kitu cha aina gani: kila miezi sita, mwanamke maarufu kuliko wachoraji wengi wa kiume wa zama zake anarudi kuomba tena. Hiyo ni kamba yenye urefu wa miezi sita. Ndiyo maana nashindwa kuiita ushindi, kama inavyoitwa mara nyingi.

Mwenyewe hakuitangaza. Alisema zile ni nguo za kazi, basi, na alipopokea wageni au kupigwa picha rasmi alivaa gauni. Siku moja ya Juni 1864 Malkia Eugénie, mke wa Napoleon III, alimfikia bila taarifa. Rosa alikuwa katika nguo zake za karakanani, akahangaika kutafuta sketi huku mgeni yuko mlangoni. Kibali cha polisi hakikusaidia lolote dakika ile.

Amri yenyewe ilikaa muda mrefu. Mwaka 1892 na 1909 ililegezwa ili mwanamke aweze kuvaa suruali iwapo ameshika usukani wa baiskeli au hatamu za farasi. Tamko rasmi la serikali kwamba haina nguvu tena lilitolewa Januari 2013.

Karatasi ya pili

Kwenye Salon ya 1853 picha ilisifiwa sana. Rosa akapewa hadhi ya kuingiza kazi bila kupita mbele ya jopo. Sifa zilijaa pomoni, mnunuzi hakuna. Nani ana ukuta wa mita tano? Picha ikapelekwa Ghent, Ubelgiji, kisha ikafika Bordeaux, mji alikozaliwa. Rosa akauambia mji: nipeni faranga 12,000, iwe yenu.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Bordeaux haikutunza. Ikakataa.

Hapo akatokea Gambart, mzaliwa wa Kortrijk aliyehamia London na kujenga biashara juu ya jambo moja alilolijua kuliko wenzake: fedha kubwa haiko katika picha yenyewe, iko katika nakala zake. Mfumo ulikuwa hivi. Mnunuzi anachukua picha pamoja na haki ya kuinakili. Anamlipa fundi achonge mchoro uleule kwenye bamba la chuma au shaba, mstari kwa mstari, kazi ya miezi mingi. Bamba linapakwa wino, linachapa nakala nyingi, za bei ya juu kwa matajiri na za bei nafuu kwa walimu na wenye maduka. Wakati huohuo picha halisi inazungushwa miji mbalimbali, watu wanalipa kiingilio na kuandikisha majina ya kununua nakala. Mwisho wa mzunguko, picha yenyewe inauzwa.

Gambart alipouliza bei, Rosa alijibu kwamba mji wake aliuomba 12,000, lakini kwa picha kutoka nje ya Ufaransa anataka 40,000. Napenda jibu hili. Bei mbili, na sababu ya tofauti imetajwa wazi: ya kwanza ni ya nyumbani, ya pili ni ya sokoni. Mtu aliyeshinda mwaka mzima akitazama madalali wa farasi hakukosa la kujifunza. Gambart akakubali. Rosa, naye akiona bei ni nzuri, akamwongezea toleo dogo la picha hiyohiyo ili mchongaji Thomas Landseer afanyie kazi hilo badala ya turubai kubwa. Toleo hilo dogo lilianzishwa na rafiki yake Nathalie Micas, Rosa akalimalizia. Leo liko National Gallery ya London, na jina la Nathalie limeandikwa kando ya la Rosa.

Kilichofuata ni hesabu. London ilipanga foleni. Malkia Victoria aliletewa picha aitazame faraghani. Mwaka 1856 Gambart akamtembeza Rosa Uingereza na Scotland, naye akarudi na daftari zilizojaa ng'ombe wenye manyoya marefu na kondoo wa milimani, mali ghafi ya miaka mingi. Turubai kubwa ikavuka bahari hadi kwa tajiri mmoja wa New Jersey, kisha kwa A. T. Stewart, mwenye maduka makubwa New York. Mnadani mwaka 1887 Cornelius Vanderbilt II aliinunua kwa dola 53,000, akaikabidhi Metropolitan Museum ya New York, ilipo hadi leo.

Rosa alikuwa hai mwaka 1887 na hakupata hata senti katika dola hizo. Sheria ya Ufaransa ya kumpa msanii sehemu ya mauzo ya baadaye ilikuja mwaka 1920. Ndiyo hali ya soko lile, na tusilipambe.

Ilimpa nini

Fedha ya Gambart, na wateja wa Kiingereza na Kimarekani waliofuata, zilimnunulia jumba la By, kijiji cha Thomery pembeni ya msitu wa Fontainebleau. Alilinunua mwaka 1859. Mwaka 1860 aliacha kuiongoza shule ya serikali. Huko By alijenga karakana kubwa, akafuga kondoo, farasi, paa, na baadaye hata simba. Nathalie na mama yake waliishi naye. Mama alishika jiko na hesabu za nyumba, Nathalie akachora, akatibu wanyama, na kubuni breki ya treni aliyoijaribu hapohapo By. Watu hubishana leo wauiteje uhusiano wa wanawake hawa wawili waliokaa pamoja zaidi ya miaka 40, hadi kifo cha Nathalie mwaka 1889. Kwa kisa hiki itoshe kusema kwamba nyumba ile ilikuwa kampuni inayojitegemea, na hapakuwa na mwanamume wa kuomba ruhusa yake.

Baada ya 1855 aliacha kupeleka kazi Salon. Hakuwa na haja. Hili, kwangu, ndilo kiini: mchoraji wa Paris wa wakati ule alitegemea jopo, wizara na wakosoaji, na Rosa alipata njia ya kuwapita wote watatu. Kazi zilitoka karakanani zikienda moja kwa moja kwa wanunuzi wa ng'ambo.

Paris haikusahau dharau hiyo. Alipoonyesha tena, kwenye Maonyesho ya Dunia ya 1867, picha nyingi zilikuwa za kuazimwa kutoka kwa wenyewe Uingereza. Wakosoaji walimpokea kwa ubaridi, na akaambulia medali ya daraja la pili. Heshima alikuwa amekwisha kuipata kwa njia nyingine. Juni 1865, mume akiwa Algeria na Eugénie akikaimu madaraka, Malkia alirudi By na kumvika mwenyewe nishani ya Légion d'honneur. Hakuna mwanamke mchoraji aliyekuwa ameipata kabla yake. Mwaka 1894 alipandishwa daraja la ofisa.

Kuna upande wa pili, na nisipousema nitakuwa dalali wa Gambart. Soko nalo lina kamba yake. Waingereza walitaka ng'ombe wa Scotland, akawapa, tena na tena, miaka nenda rudi. Kazi nzuri, lakini ukiziweka mfululizo huoni tena ule ujasiri wa mita tano. Kwa kuwa nyingi ziliondoka nchini, makumbusho ya Ufaransa yalibaki na chache, na kizazi kilichokuja na wachoraji wa mwanga na rangi kikamwona bibi wa zamani wa picha za mifugo. Akapungua vitabuni kwa kasi ya kushangaza kwa mtu aliyekuwa na jina kubwa kiasi kile. Sidhani alidanganywa. Alijua anauza nini na kwa nani. Lakini kila ninapotazama farasi wale nawaza angechora nini Bordeaux ingetoa zile 12,000.

Karatasi yake ya mwisho ilikuwa wasia. Mwaka 1898 mchoraji wa Kimarekani, Anna Klumpke, alifika By kumchora. Rosa akamwomba abaki, akaita mwanasheria, na kumwandikia kila kitu. Mwaka uliofuata, tarehe 25 Mei 1899, akafariki, akazikwa katika makaburi ya Père-Lachaise mjini Paris, kwenye kaburi la akina Micas, familia ya Nathalie. Ndugu walikasirika. Sheria ilikuwa upande wa Anna, lakini aliamua kupeleka mnadani kazi zilizokuwa karakanani, zaidi ya 2,000, mwaka 1900 katika nyumba ya maonyesho ya Georges Petit mjini Paris, na nusu ya mapato akawapa wao. Jumba la By akabaki nalo. Anna alifariki San Francisco mwaka 1942, na baada ya vita majivu yake yakaletwa Père-Lachaise, yakawekwa pamoja na Rosa na Nathalie.